Chai Bila Sukari, Miguu Bila Damu

Jamani, miguu! Ukikaribishwa chai Kyoto, huko Japani, usifikirie kikombe, chapati na umbeya. Fikiria magoti.

Kwanza mlango. Kibanda cha chai kina kitundu cha kuingilia, nijiriguchi, kama sentimita 66 kwa 66. Bwana mkubwa na kitambi chake, aliyezoea kufunguliwa milango, anaingia kwa kutambaa kama mtoto anayetafuta shilingi uvunguni. Wenyewe wanasema ndiyo maana yake: zamani hata samurai aliacha upanga nje akainama kama wengine. Haya, tumeinama.

Ndani unakaa seiza: magoti mbele, makalio juu ya visigino, mgongo wima. Dakika tano za kwanza unajiona mtu wa heshima zako. Ya ishirini, miguu imeshahama. Kosa la wageni ni kuinuka ghafla: ganzi haijatoka, kifundo kinapinda, na bwana mkubwa anaelekea kwenye birika la moto. Kunja kwanza vidole vikanyage chini, vikalie hivyohivyo, ngoja sindano zipite, ndipo uinuke. Na ukiinuka, usikanyage pindo la kitambaa la tatami. Mkeka nao una mipaka!

Sasa chai. Gramu mbili za unga wa kijani, maji kama mililita 70, yapoe kidogo, maana yakitokota uchungu unazidi. Wanapiga kwa kifagio cha mwanzi, mkono mbele na nyuma upesi, si kukoroga kama uji, hadi povu liumuke. Sukari? Maziwa? Nyamaza. Utamu ulikuwa kwenye kile kitafunio ulicholetewa mwanzo, nawe umeshakimaliza, na ndivyo inavyotakiwa! Bakuli linakaa kiganja cha kushoto. Kwa mtindo wa Urasenke, mojawapo ya shule za chai, unalizungusha mara mbili, kufuata mshale wa saa, usije ukanywea upande wake wa mbele. Funda la mwisho livute kwa sauti. Ndiyo, hapo ndipo kelele inaruhusiwa. Kisha futa ulipoweka midomo, uliinamie bakuli ulitazame, viwiko chini lisije likaanguka.

Unatazama nini? Limepinda, rangi imechuruzika, na ndilo la thamani. Likivunjika linaungwa kwa utomvu wa mti wa urushi na vumbi la dhahabu, kazi ya wiki kadhaa kwa sababu utomvu unataka unyevu ndipo ukauke. Unyevu, ndipo ukauke! Bibi zetu wameshona vibuyu vilivyopasuka miaka yote, nani aliwaita wasanii?

Na hiyo ni chai nyepesi ya haraka. Karamu kamili, yenye chakula, chai nzito na nyepesi, inakula kama saa nne.

Ndara za chooni hazitoki chooni. Hilo Mswahili hafundishwi.

Lakini mapipa ya taka, ndugu zangu! Mtaa unang'aa, pipa huoni. Lile lililo kando ya mashine ya soda lina matundu mawili ya duara, chupa na makopo tu. Na hii karatasi ya kitafunio sasa naiweka wapi?