Jamani, Polisi Hawakuja

Kwanza kabisa: polisi hawakuja. Nalisema mapema kwa sababu rafiki yangu Shaabani ameshapita na video yangu kwenye kila kundi la Waswahili wa Leicester, na jana shangazi yangu wa Muscat kanipigia simu analia, eti nimeshikwa Uingereza kwa kuvunja nyumba. Shangazi, futa machozi. Nyumba niliyokuwa naivunja ni yangu. Ya kupanga, lakini kodi nimelipa.

Pili, chanzo cha yote ni huyohuyo Shaabani. Hilo kwenye hadithi yake hamtalisikia.

Mnaonifuata mnajua nimehangaika tangu nipate kazi ya kutunza wazee huku Oakham. Zamu ikiisha usiku, kurudi Leicester ni mtihani. Basi nikapata kijumba kijijini, nje kidogo ya mji. Jina la kijiji nakaa nalo, maana nyumba zake ni chache, mtanipata kwa kuhesabu. Kaunti yenyewe ni Rutland, ndogo kuliko zote za kihistoria za England. Kilomita za mraba 382 hivi. Unguja inaimeza Rutland mara nne na bado ina njaa.

Kijumba ni cha mawe, kuta nene kama za ngome, milango mifupi. Kipaji changu cha uso kimeshazoeana na boriti zote. Na paa ni la nyasi. Ijumaa usiku nilimpigia mama simu ya video Tanga, nikamzungusha nje kwa tochi aone. Akanyamaza. Nikadhani mtandao.

"Mwanangu," akasema, "hayo si makuti?"

Mama, ni mabua, na huku nyumba hizi watu wanazitamani.

"Sisi umetuezulia makuti ukatuwekea bati. Wewe umepanda ndege kuyafuata Ulaya. Na unalipa?"

Nikamwambia mtandao unakatika.

Basi, Shaabani. Ijumaa hiyo alinisaidia kuhama na gari la kukodi. Kitanda kimegoma kupanda ngazi, tumechoka, tumekaanga samaki, king'ora cha moshi kimelia mpaka nikafungua dirisha la jikoni. Lishikeni hilo dirisha. Alipokuwa anaondoka, akiahidi kurudi asubuhi na mzigo uliobaki, akaangalia juu ya mlango wa mbele. Pametundikwa kiatu cha farasi, cha chuma, kimeshika kutu. Ncha zake zinatazama chini.

Akatikisa kichwa kama mganga aliyeona jambo.

"Hiki kimepinduliwa. Kiatu cha farasi ncha zinakaa juu, zikinge bahati. Hivi kilivyo, riziki yote inamwagika hapo mlangoni. Unaikanyaga ukitoka."

Nikamuuliza kajuaje. Kaona kwenye video.

Mtu mzima, nimesoma, nimelala nikiwaza riziki inavyovuja.

Jumamosi saa moja na robo asubuhi nikaamka, kabla hata ya chai, nikaona nikigeuze upesi. Nimevaa jezi ya Coastal Union, kikoi na kandambili. Novemba hii. Nyasi zimeganda nyeupe, pumzi inatoka kama moshi wa kiwanda. Nikajisemea: dakika mbili tu. Nikabeba kigoda na bisibisi, nikapanda, nikakigeuza. Ncha juu. Nikarudi hatua mbili kutazama kazi yangu, nikatabasamu.

Upepo ukapita. Mlango ukasema *ta*.

Kwa ndugu zangu mlio nyumbani: hii milango ya huku mingi ikijifunga haina mjadala. Kwa nje hakuna kitasa cha kuzungusha, bila ufunguo umekwisha. Leicester nilikuwa nakaa na watu wanne, kila mara kuna mtu wa kufungua. Sasa nakaa na nani? Na samaki.

Simu ndani. Funguo ndani. Ofisi ya wakala wa nyumba inafunguliwa saa tatu. Najua mtasema ungebisha hodi kwa jirani. Nimehamia jana, hawajaniona hata sura, nianze na hodi ya kikoi? Nikazunguka nyumba. Mlango wa nyuma umefungwa, niliufunga mwenyewe kwa uangalifu wa mtu aliyetoka mjini. Kilichobaki ni dirisha la jikoni, lile la moshi, linalotazama njia ya kijiji.

Dogo. Nililipima kwa macho. Sasa macho yangu yanapima mwili niliokuwa nao mwaka 2015.

Nikasogeza kigoda. Mikono ikaingia. Kichwa kikaingia. Mabega, kwa kujipinda kama mkunga wa baharini, yakaingia. Nikajirusha mbele kwa nguvu moja, kigoda kikaanguka, na kitambi changu kikafika kwenye fremu kikasimama. Hakikugoma kwa fujo. Kilisimama tu, kama gari la abiria lililofika kituoni.

Nikarudi nyuma. Hakuna. Nikaenda mbele. Hakuna.

Kaunti ya Rutland ina kaulimbiu yake ya Kilatini, *Multum in Parvo*, yaani mengi ndani ya kidogo. Nilikuwa nimeiona kwenye nembo nikaisoma nikapita. Sasa nimeielewa.

Hebu niwape picha, maana video ya Shaabani inaonyesha upande mmoja tu. Upande wangu ulikuwa hivi: chini ya pua yangu, sinki. Ndani ya sinki, sufuria ya samaki wa jana, maji yameganda mafuta juu, na kichwa cha samaki kinanitazama jicho kwa jicho. Mezani, mkono mmoja na nusu kutoka nilipo, simu. Simu ikaanza kuita. Kioo kikawaka: MAMA. Simu ya video. Ikaita mpaka ikakata. Ikaita tena. Samaki ananitazama, mama ananitafuta.

Nje, chini ya dirisha, pana mwaridi unaopanda ukutani. Mzuri sana kwenye picha za tangazo. Una miba. Kikoi kikanasa. Nikijisukuma mbele kidogo, kikoi kinabaki. Nikisukuma tena, kinabaki zaidi. Nikawa naingia nyumbani kwangu inchi kwa inchi, na kwa kila inchi navuliwa. Nilihisi baridi ikipanda kutoka magotini, ikapita mapaja, ikafika. Ndipo nikajua kikoi kimeamua kukaa na mwaridi.

Nilivaa bukta, asanteni kwa kuuliza. Ya vibata vya njano. Ilikuwa bei ya punguzo.

Nikasikia hatua, na pumzi za mbwa. Zikasimama.

Nikafunga macho. Nikajiandaa kwa ukelele, mwizi, mwizi, na yote yanayofuata. Kwetu ningeshazungukwa na mtaa mzima, mmoja ana tairi, mwingine anauza karanga.

Sauti ya bibi mmoja, tulivu kabisa, ikasema: "Habari za asubuhi. Baridi kidogo leo."

Jamani.

Nikajibu. Ningefanyaje? Nikajibia ndani ya sinki, sauti ikarudi ina mwangwi: "Kweli, lakini afadhali hakuna mvua."

"Afadhali," akasema. Kisha nikahisi kandambili yangu ya kushoto ikichomolewa mguuni, taratibu, kwa meno. Bibi akamkaripia mbwa kwa mnong'ono, mbwa hakusikia, na wote watatu, bibi, mbwa na kandambili, wakaenda zao. Hakuuliza kitu! Nadhani aliona kuniuliza kungenitia aibu.

Nikabaki. Mama akapiga mara ya tatu.

Hatua nyingine, hizi za kuburuta, na fimbo. Zikasimama. Kimya kirefu. Nilihesabu matone ya bomba, kumi na saba. Halafu mzee akakohoa kile kikohozi cha mtu mwenye jambo zito.

"Samahani, kijana. Sipendi kuingilia mambo ya watu."

Nikamwambia ingilia, mzee wangu, ingilia tu.

"Kile kiatu cha farasi pale mlangoni. Kimepinduliwa."

Nawaapia. Miguu miwili inaning'inia dirishani, mmoja peku, vibata vya njano hadharani, kikoi kimetundikwa mwaridini kama bendera ya nchi isiyojulikana, na kilichomkera yule mzee ni kiatu cha farasi.

Nikamweleza nimekigeuza mimi, bahati isimwagike. Ndipo nikapewa darsa. Sehemu nyingine huko wafanye watakavyo, lakini Rutland ncha zinatazama chini. Kwenye ukumbi wa kasri la Oakham vimetundikwa viatu vya farasi zaidi ya 200, vyote hivyohivyo, maana desturi ni kwamba kila bwana mkubwa au mfalme akipita Oakham mara ya kwanza sharti atoe kimoja. Mfalme Edward wa Nne alitoa chake mnamo 1470, kipo mpaka leo. Ncha zikitazama juu, shetani anapata pa kukaa, mle kwenye bonde, kama kiti.

"Kwa hiyo nimemwekea shetani kiti?" nikauliza samaki.

"Ndiyo wanavyosema," akajibu mzee, kisha hakuishia hapo. Akanihadithia walivyoifuta Rutland mwaka 1974 wakaipachika chini ya kaunti jirani ya Leicestershire, na watu walivyokaa na kinyongo mpaka ikarudishwa 1997. Aliposema Leicestershire alishusha sauti kama anataja maradhi. Nikaona si wakati wa kumwambia nimehamia kutoka Leicester. Nilikuwa naitikia tu, "Ehee, ehee," damu yote imeshuka kichwani, vidole vya mguu vimekufa. Na ukweli niuseme, hadithi ilikuwa tamu. Kama ningekuwa nimekaa wima ningemuuliza maswali.

Hapo ndipo gari la Shaabani likaingia. Namjua kwa honi. Nikasikia mlango wa gari, kimya, halafu sauti ya rafiki yangu wa miaka kumi na miwili, niliyemsimamia harusi yake:

"Subiri. Usisogee, hapohapo."

Nikashukuru Mungu. Nikadhani anatafuta kamba au ngazi. Alikuwa anatafuta mwanga mzuri.

Mnaoitazama, ile sauti nyuma inayocheka kama fisi ni yeye. Mzee ndiye yule mwenye kofia anayeonyesha mlango kwa fimbo. Anayeulizwa "ameshikwa akiiba?" ni mzee, na jibu lake Shaabani kalikata. Alijibu, "Hapana, amehamia."

Yaliyofuata hayana urefu. Mzee aliingiza mkono mfukoni akatoa ufunguo wa nyumba yangu. Mpangaji aliyetangulia alimwachia akiba. Alikuwa nao muda wote, tangu Edward wa Nne mpaka 1997. Baadaye nilipomuuliza kwa nini hakusema, akasema hatukuwa tumejuana bado. Akafungua, akapangusa viatu kwenye zulia la mlangoni, akaweka birika la chai kwanza, ndipo akachukua sabuni ya vyombo akanimiminia kiunoni, Shaabani akisukuma miguu kwa nje huku mkono mmoja unarekodi. Nikatoka kama mtoto, kichwa ndani ya sinki, uso kwa uso na samaki. Jezi imechanika. Tumekunywa chai. Kiatu nimekirudisha ncha chini kabla kikombe hakijapoa, mzee kasimama nyuma yangu anakagua kama fundi mkuu.

Kazini nilifika nimechelewa dakika arobaini, nanuka ndimu ya sabuni na samaki kwa pamoja. Bibi mmoja ninayemhudumia akanusa akasema nanukia vizuri. Ana miaka tisini na minne, nitalichukua hilo.

Mama nilimpigia jioni. Alikuwa ameshaiona video. Hakusema chochote kuhusu vibata. Aliuliza tu kama makuti yanavuja.

Shaabani, nakudai jezi. Na kule kwenye kundi andika kwamba ule ushauri wa ncha juu ulikuwa wako, usijifanye ulikuwa mpita njia.

Kandambili sijaipata. Leo asubuhi nimekutana na yule mbwa njiani, ameiuma mdomoni kwa fahari zote, imebaki nusu. Bibi akanitazama machoni, mimi nikatazama viatu vyangu.

"Baridi kidogo leo," akasema.

Nikamjibu afadhali hakuna mvua.