Kifaru cha Mbao

Kila kijana wa filamu hapa Nakuru akitaja vita, huambiwa neno lile lile: kama huna mamilioni, huna helikopta wala vifaru, habari za wanajeshi ziache. Hoja hiyo si ya kupuuzwa. Vita ni mafuta, chakula, barabara na maelfu ya watu, na ukiviigiza kwa watu ishirini kichakani unaweza kumpotosha mtazamaji.

Hata hivyo, nawaomba wenye hoja hiyo waitazame The Steel Helmet. Mwongozaji wa filamu hiyo, Mmarekani Samuel Fuller, aliyepigana katika Vita Kuu ya Pili, aliipiga kwa siku 10 hivi na takriban dola 100,000. Bustani ya Griffith mjini Los Angeles ndiyo iliyokuwa Korea, na kifaru chake kilikuwa cha mbao. Ilitoka Januari 1951, Vita vya Korea vyenyewe havijatimiza mwaka.

Fedha za kuonyesha majeshi hakuwa nazo, basi akawafungia watu wake hekaluni pamoja na mateka mmoja, afisa wa Korea Kaskazini. Mateka anamgeukia tabibu wa kikosi, mtu mweusi: mbona kwenu unalipa nauli kama wengine, kisha unaketishwa nyuma ya basi? Akishindwa hapo, anamwendea sajini mwenye asili ya Kijapani: wenzako si walifungwa makambini kwa ajili ya macho yao? Ni kweli. Marekani iliwafungia watu zaidi ya 110,000 wa asili hiyo katika vita vilivyotangulia.

Sehemu hiyo nimeirudia mara tatu. Mateka anasema kweli, na anaisema ili awatenganishe na wenzao. Wale wawili hawana cha kukanusha. Wanaumia, wanajibu kwa utulivu, na wanabaki na kikosi. Mzigo huo hauhitaji helikopta.

Baadaye sajini mwingine, Zack, ambaye ndiye mhusika mkuu, anampiga mateka risasi kwa hasira ya kifo cha mtoto wa Kikorea aliyefuatana naye. Wakubwa wa jeshi walilalamika. Fuller akashikilia kwamba mambo hayo aliyaona vitani. Mimi dosari naiona kwingine: mtoto huyo anakufa hasa ili Mmarekani aghadhibike, na Wakorea wenyewe hatuwajui. Umaskini wa bajeti hauwezi kusingiziwa hilo. Kumpa mtu maneno ya kusema hakugharimu kitu.

Nasi tuna kambi ya jeshi ya Lanet, hapo tu nje ya mji. Tarehe 24 Januari 1964, wiki sita baada ya Uhuru, askari wa Kenya Rifles waliasi wakilalamikia mishahara na maafisa Waingereza waliokuwa bado juu yao, na wanajeshi wa Uingereza wakaitwa kuwazima. Kuionyesha operesheni nzima kunataka fedha ambazo hatuna. Usiku wa kuamkia siku hiyo unataka chumba kimoja cha kambi, vitanda sita, na askari anayewatazama wenzake akijiuliza ni nani kati yao atakayepeleka maneno kwa afisa.