Baada ya klabu ya kupunguza uzito: je, sheria zote ziachwe?

Kwa zaidi ya nusu karne, klabu za kupunguza uzito zimekuwa sehemu ya maisha ya kawaida nchini Uingereza. Weight Watchers, iliyoanzishwa New York mwaka 1963 na Jean Nidetch, na Slimming World, iliyoanzishwa huko Derbyshire mwaka 1969 na Margaret Miles-Bramwell, zimejaza kumbi za makanisa na shule kwa watu wanaokuja kila wiki kulipa ada, kupanda mizani, na kuketi pamoja kusikiliza nani amepungua na nani ameongezeka. Katika maeneo mengi madaktari wa NHS, yaani huduma ya afya ya umma ya Uingereza, wamekuwa wakiwaelekeza huko baadhi ya wagonjwa wao, mara nyingi kwa wiki 12 bila malipo. Miongoni mwa wanachama wamo Waswahili wenzetu waliohamia huko, na mtindo wenyewe umetufikia hata huku kwa sura nyingine, katika makundi ya WhatsApp ya Dar es Salaam, Mombasa na Nairobi ambamo watu hulipia ratiba ya mlo, hutuma picha za sahani na za mizani, na kushindana kupungua.

Ninayemfikiria hapa ni yule anayeondoka, awe amefikia uzito alioutaka au amechoka njiani. Wapo wanaomshauri aache sheria zote kwa mara moja: asihesabu, asijipime, ale anachotamani mpaka mwili uanze tena kujiongoza. Wapo wanaosema kwamba ushauri huo utamrudisha kulekule alikotoka, kwenye uzito na maradhi yaliyompeleka klabu, na kwamba heri abaki na sheria maisha yake yote. Pande zote mbili zina ukweli mwingi, lakini kwa maoni yangu zinakosea mahali pamoja. Zote zinabishana juu ya kiasi cha uhuru anachopaswa kuwa nacho mtu huyu, ilhali kinachohitaji kujengwa kwanza ni mpangilio wa milo yake.

Tuangalie mfumo mmoja kwa karibu ili tuone mwanachama huondoka na nini. Katika Slimming World, wali mweupe, viazi, tambi, mayai, nyama iliyoondolewa mafuta na matunda mengi huliwa bila kupimwa. Mafuta ya kupikia, sukari, vitamu na tui la nazi hupewa alama, na mwanachama huwa na kiwango chake cha alama kwa siku, kwa kawaida kati ya 5 na 15. Parachichi lina alama. Ndizi ikitafunwa haina alama, lakini ikisagwa kuwa kinywaji inapata, kwa hoja kwamba tunda lililosagwa halishibishi kama lililotafunwa na ni rahisi kulizidisha. Hoja hiyo ina msingi wa lishe, na sioni sababu ya kuibeza. Tatizo huonekana baadaye, kwa aliyeishi na hesabu hiyo miaka kadhaa. Hutoka akiliogopa parachichi na kuuamini mtindi wa dukani ulioondolewa mafuta. Mwanamke wa Kizanzibari aliyeko London anaweza kujikuta akikwepa wali wa nazi, samaki wa kupaka na maharage ya nazi, yaani chakula alicholelewa nacho, huku akila sahani kubwa ya tambi kwa moyo mtulivu. Kisha kuna siku ya mizani, ambayo huipa wiki nzima umbo lake: siku moja kabla mtu hula kidogo sana na kupunguza hata maji, na jioni baada ya kupimwa hula kama aliyefunguliwa. Desturi hiyo haimo katika mafundisho ya klabu, lakini hujengeka kwa urahisi pale namba moja inaposomwa kila wiki.

Wanaotaka sheria zote zivunjwe wana ushahidi mzito. Mwaka 1945, Ancel Keys na wenzake wa Chuo Kikuu cha Minnesota nchini Marekani waliwalisha vijana 36 wenye afya njema, waliojitolea kwa sababu dhamiri zao ziliwazuia kwenda vitani, takriban kalori 1,570 kwa siku kwa miezi sita, huku wakitakiwa kutembea kilomita 35 hivi kila wiki. Vijana hao walipoteza karibu robo ya uzito wao. La kutisha zaidi ni yaliyoipata akili yao: walizungumza chakula tu, walikusanya mapishi, waliramba sahani, na baada ya kuruhusiwa kula tena baadhi yao walikula kiasi kikubwa mno bila kuhisi shibe. Ikumbukwe kwamba ratiba nyingi zinazouzwa mitandaoni leo humtaka mtu ale kalori 1,200. Miaka thelathini baadaye, mwaka 1975, Peter Herman na Deborah Mack waliwapa wanafunzi wa kike kinywaji kizito cha maziwa na aiskrimu, kisha wakawaomba waonje aiskrimu. Wasio na mazoea ya kujizuia walikula kidogo zaidi, kwa kuwa walikuwa wamekwisha kunywa. Wenye mazoea ya kujizuia walikula zaidi, kana kwamba kwa kuwa siku imekwisha kuharibika hakuna tena cha kuokoa. Yeyote aliyewahi kumaliza pakiti nzima ya biskuti kwa sababu alianza na moja isiyoruhusiwa anaijua hali hiyo, na anastahili kuambiwa kwamba ni matokeo ya kawaida ya kujizuia wala si upungufu wa tabia.

Upande wa pili nao haupaswi kupuuzwa. Utafiti uliofanyika Uingereza na kuchapishwa katika jarida la The Lancet mwaka 2017 uliwahusisha watu 1,267 wenye uzito uliozidi. Waliopewa ushauri mfupi na kijitabu walikuwa wamepungua wastani wa kilo 3.3 baada ya mwaka mmoja. Waliopelekwa Weight Watchers kwa wiki 12 walipungua kilo 4.8, na waliopelekwa kwa wiki 52 kilo 6.8. Baada ya miaka miwili sehemu ya uzito ilikuwa imerudi kwa makundi yote, lakini waliokaa klabu mwaka mzima bado walikuwa pungufu kwa kilo 4.3. Kilo nne ni chache kwa aliyeota kurudia vazi lake la harusi, lakini zina maana kwa mtu ambaye sukari yake imeanza kupanda. Nchini Kenya, uchunguzi wa kitaifa wa mwaka 2022 ulionyesha kwamba zaidi ya wanawake wanne katika kila kumi wana uzito uliozidi, na kisukari na shinikizo la damu vinajulikana katika karibu kila ukoo. Kumwambia mtu wa aina hiyo kwamba uzito hauna maana yoyote ni kumnyima ukweli anaouhitaji.

Kuna na faida nyingine ambayo wakosoaji wa klabu huitaja kwa haraka mno, nayo ni mtu kuwa na wenzake. Kwa mama aliyehamia Uingereza, ambaye siku zake ni kazi ya zamu na nyumba yenye baridi, mkutano wa kila wiki huenda ukawa mahali pekee anapoulizwa hali yake na kusubiriwa jibu. Akiacha hesabu ya alama, si lazima awaache na watu hao. Ningependa wanaoondoka walifikirie jambo hili mapema, watafute wawili watatu wa kutembea nao jioni au kupika nao, kwa sababu upweke ni mojawapo ya mambo yanayomrudisha mtu kwenye kula bila kipimo.

Utafiti wa Priya Sumithran na wenzake wa Australia, uliochapishwa mwaka 2011, unaukwaza kila upande. Walifuatilia watu 50 waliopunguzwa uzito kwa mlo mkali wa wiki 10, wakakuta kwamba hata baada ya mwaka mzima homoni zinazosimamia njaa na shibe zilikuwa bado hazijarudi zilivyokuwa, na njaa yao ilikuwa kubwa kuliko kabla ya mlo. Wanaoamini kwamba nidhamu peke yake inatosha wanapaswa kutafakari matokeo hayo, maana mwili wenyewe unapinga. Lakini wanaosema usikilize mwili wako nao wana swali la kujibu. Mwili wa mtu aliyetoka klabu mwezi uliopita unadai kilo ulizonyang'anywa, na ukisikilizwa peke yake tangu siku ya kwanza, utasema neno moja tu.

Ndiyo maana naegemea njia inayotumiwa katika kutibu matatizo ya ulaji, hasa tiba iliyoendelezwa na Christopher Fairburn, daktari wa akili wa Chuo Kikuu cha Oxford. Hatua yake ya mwanzo haihusu aina ya chakula. Mgonjwa hufundishwa kula kwa saa zinazojulikana, milo mitatu na vitafunio viwili au vitatu, bila kukaa zaidi ya saa nne hivi bila kula na bila kula katikati ya nyakati hizo. Njaa kali ya jioni, ambayo ndiyo mlango mkuu wa kula kwa kupitiliza, hupungua kwa sababu mchana haukuachwa mtupu. Kwa bahati, siku ya kawaida ya Mwambao ina mpangilio unaokaribiana na huo tayari: chai ya asubuhi, chakula cha mchana, chai ya alasiri na kitafunio chake, chakula cha usiku. Aliyekuwa akiruka chai ya asubuhi ili abakishe alama za usiku aanze kwa kuirudisha. Mwezi mmoja au miwili ya utaratibu huo itamfaa kuliko orodha mpya ya vyakula vinavyoruhusiwa.

Utaratibu ukishashika, vyakula vilivyoogopwa virudishwe kimoja kimoja, ndani ya mlo na si nje yake. Wali wa nazi uliwe mchana pamoja na samaki na mchicha, mezani, na wenzake. Usiliwe usiku wa manane kutoka sufuriani. Hapo ndipo mafundisho ya Evelyn Tribole na Elyse Resch, wataalamu wa lishe wa Marekani ambao tangu mwaka 1995 wamehimiza watu waongozwe na njaa na shibe zao, huanza kuleta tija. Nayathamini, ila yana mipaka ambayo kwetu huonekana mapema. Yanamchukulia mlaji kama mtu mwenye sahani yake na uamuzi wake, ilhali wengi wetu hula kwenye sinia moja, chakula alichopika mama au mke wa kaka, na mgeni akiacha kula mapema huulizwa ana nini. Mwenye kisukari anayetumia insulini naye hawezi kuongozwa na hamu peke yake. Kwake kupima wanga ni sehemu ya matibabu, na si vyema kumfanya aone aibu kwa kuhesabu.

Maneno ya watu ni mzigo wa peke yake. Pwani, unene wa wastani umesifiwa kwa vizazi kama dalili ya kutunzwa, na katika miaka ambayo UKIMWI haukuwa na dawa, aliyekonda alitazamwa kwa hofu na kusengenywa. Leo mtu huyohuyo akienda harusini huambiwa na shangazi mmoja kwamba amekwisha, kisha na binti wa miaka ishirini kwamba ameachia mwili. Klabu humkinga na kelele hizo kwa kumpa namba ya kushikilia. Akiondoka anabaki bila kinga, na sidhani kwamba anaweza kuzuia watu wasiseme, lakini watu wa nyumbani wanaweza kuombwa waziwazi wasizungumzie mwili wake wala sahani yake, na wengi wakiombwa kwa adabu hukubali.

Kuhusu mizani, ningeiweka kando kwa miezi kadhaa, isipokuwa pale daktari anapohitaji uzito kwa sababu ya moyo, figo, ujauzito au kipimo cha dawa. Shinikizo la damu, sukari na mzunguko wa kiuno vyatosha kueleza mengi kuhusu afya bila kubadilika kwa kila glasi ya maji. Ni haki pia kukiri kwamba wengine wataongezeka kilo kadhaa katika kipindi hiki. Kwa aliyekuwa akila kwa kupitiliza na kujinyima kwa zamu, ongezeko dogo linalotulia ni bora kuliko mzunguko usiokwisha. Kwa mwenye sukari inayopanda, ongezeko hilo lataka kufuatiliwa kwa karibu. Sioni namna ya kuwapa wawili hao ushauri mmoja.

Ramadhani huleta jaribu lake. Kwa wengi, daku na futari ni mpangilio thabiti kuliko siku za kawaida, mradi daku isirukwe. Lakini aliyewahi kujinyima mpaka kuugua anaweza kuikuta saumu ikifunika ugonjwa wake kwa jina la ibada, na futari ikimfungulia kula kusikodhibitika. Sheria ya Kiislamu imempa mgonjwa ruhusa ya kutofunga, na maradhi ya ulaji ni maradhi; suala hilo aliamue pamoja na daktari anayemfahamu na mwanachuoni anayemwamini.

Ishara nyingine hazifai kusubiriwa zipite zenyewe: kujitapisha, kutumia dawa za kuharisha ili kupungua, kula kwa siri chakula kingi kwa pupa mara kwa mara, kukosa hedhi, kuzirai. Uingereza, njia ya kuanzia ni daktari wa familia, na shirika la Beat hutoa ushauri kwa watu wenye matatizo haya. Kwetu, idara za afya ya akili za hospitali kubwa kama Muhimbili ni mahali pa kuanzia. Anayekwenda aeleze kwanza jinsi anavyokula na anavyojizuia, kabla hajataja kilo, kwa sababu maradhi haya huwapata watu wa kila umbo, na mwenye mwili mkubwa akianza na uzito wake ni rahisi kupongezwa kwa kupungua na kurudishwa nyumbani na ratiba nyingine ya mlo.