Mama Mahamri wa Langoni Huku Hayuko

Chuo nilichoanzia, hapo hapo kisiwani Mombasa, kilikuwa na ofisi ya masajili, ofisi ya karo, ofisi ya mkuu wa wanafunzi, na ubao wa matangazo uliojaa karatasi za mwaka juzi. Lakini ukitaka kujua jambo la kweli ulimwendea mama aliyekuwa akiuza mahamri na mbaazi nje ya lango. Yeye ndiye aliyejua kama mkuu wa idara ameingia leo au amekwenda Nairobi, kama matokeo yametoka, na kama karani wa karo kaamka vizuri. "Mwanangu, leo usipande huko juu, rudi kesho mapema," angekuambia huku akikufungia mbaazi, nawe ungekuwa umeokoa asubuhi nzima ya foleni.

Mwaka wa pili nikahamia University of Minnesota, mjini Minneapolis, chuo chenye wanafunzi zaidi ya 50,000. Wiki ya kwanza nilizunguka nikitafuta lango. Hakuna lango. Mji unaanza, unakuwa chuo, kisha unakuwa mji tena, na hujui ulivuka wapi.

Nikiwasoma wenzetu walio ng'ambo naona wako makundi mawili. Wako wanaosema huku kila kitu kimenyooka na kwetu ni vurugu tupu. Na wako wanaolia kwamba huku hakuna utu, hakuna anayekujali. Mimi naona wote wameteleza mahali pamoja. Kwetu habari hupita kwa watu. Huku imeandikwa mahali, na ikishaandikwa huhesabiwa kuwa umeisoma. Anayekuja akingojea kuambiwa ataumia, hata awe na akili namna gani.

Mimi niliumia mwezi wa Novemba. Wenzangu walikuwa wanajiandikisha kwa kozi za muhula unaofuata, mimi mtambo ukanikatalia. Nimefungiwa. Nikavaa koti nikaenda ofisini nimejiandaa kwa vita, nimeshapanga hata nitakayemtaja kwamba namjua. Dada wa mapokezi akaniuliza kwa upole kama nasoma barua pepe za chuo. Zilikuwako tatu, hazijafunguliwa. Sheria ya jimbo la Minnesota inamtaka mwanafunzi wa chuo aonyeshe kwamba amechanjwa surua, matumbwitumbwi, rubela, pepopunda na dondakoo. Mimi sikuwa nimepeleka hata karatasi moja.

Kwangu ilikuwa saa nane mchana, nyumbani kwetu Kisauni, Mombasa, saa tano usiku. Mama akaamka, akateremsha ule mkebe wa biskuti unaokaa juu ya kabati, wenye hati ya kiwanja, picha za harusi ya halati na vyeti vya kila mtu nyumbani. Namsikia kwenye simu anapekua, anasema peke yake, "Hii ya marehemu babu yako… hii ya Salim…" Kadi yangu ya kliniki akaipata chini kabisa, pembe imeliwa na mende, mihuri bado yasomeka. Akaniletea picha kwa WhatsApp. Surua iko. Matumbwitumbwi na rubela haziko, kwa sababu sisi tuliozaliwa miaka ile tulichomwa surua peke yake. Rubela iliingia katika chanjo za watoto wa Kenya mwaka 2016. Ikabidi nichanjwe upya nikiwa mtu mzima, na mkono ukaniuma siku mbili. Kufikia hapo kozi niliyoitaka ilikuwa imejaa.

Kosa lilikuwa langu, sina wa kumlaumu. Kwetu jambo zito haliji kwa barua pepe. Huja kwa mwakilishi wa darasa, kwenye kundi, kwa ujumbe wa sauti wa dakika mbili ambao dakika moja na nusu ni malalamiko, lakini mwishowe anakuambia tarehe. Na kama hukusikiliza, mwenzako atakugonga mlango. Huku sanduku la barua pepe ndiye mwakilishi wako wa darasa. Lifungue kila asubuhi kabla hujafungua kitu kingine.

Kwa wanaohamia wakiwa katikati ya masomo, kama nilivyofanya mimi, nina neno refu kidogo. Transkripti, ile orodha ya kozi na alama zako, peke yake haitoshi. Jina la kozi halimwambii mtu wa Minnesota ulisoma nini. Anataka kuona mpangilio wa kozi: mada za kila wiki, vitabu, saa za maabara. Kukusanya karatasi hizo ukiwa bado Mombasa ni kazi ya siku mbili na chai mbili tatu. Kuzikusanya ukiwa ng'ambo ni kumtuma ndugu yako aende akae kwenye benchi. Mimi nilimtuma shemeji, akaenda mara nne, na hadi leo tukikutana hunikumbusha nauli ya matatu. Tena vyuo vingi vya Marekani vinakupokelea krediti, ule uzito wa kozi ulizokwisha kusoma, lakini alama zako haviingizi katika wastani wako wa huku, ile GPA. Unaanza upya. Wengine hufurahi wakisikia hivyo. Mimi nawaambia wafikirie: mwenzako ana mihula mitatu inayobeba muhula mmoja mbaya, wewe huna. Kwa hiyo muhula wa kwanza usijitwike kozi tano ngumu ili kuonyesha kwamba Pwani kuna vichwa.

Na usisubiri mtihani wa mwisho. Sisi tumelelewa hivyo: majaribio ya muhula asilimia 30, mtihani asilimia 70, kwa hiyo mtu anaweza kulala hadi wiki ya kumi na mbili, kisha akakesha na karatasi za mitihani ya zamani zilizopigwa fotokopi dukani pale barabarani, akapita. Akianguka atafanya sapu, mtihani wa kurudia. Huku alama zinaanza kuhesabiwa wiki ya kwanza. Kazi ya nyumbani ina alama, kijaribio cha dakika kumi kina alama, hata kufungua mdomo darasani kunaweza kuwa na alama. Hesabu yote imo katika silabasi, ile karatasi unayopewa siku ya kwanza nawe unaikunja mfukoni. Usiikunje. Isome kama mkataba wa nyumba, hasa kipengele cha kusaidiana na cha karatasi za zamani, kwa sababu mwalimu mmoja atakuwekea mitihani ya miaka iliyopita mwenyewe ujipime, na mwingine akikuona nayo atakuita mwizi.

Sasa nije kwenye jambo lililonichukua wiki nane kulifanya. Kila mwalimu ana saa za ofisi zilizoandikwa kwenye hiyo hiyo silabasi. Anakaa, mlango wazi, anangojea wanafunzi. Sikuamini. Kwetu mwanafunzi akionekana ofisini kwa mhadhiri, ama ana kesi, ama alama zake zimepotea. Mara ya kwanza nilisimama kwenye ujia, nikajifanya nasoma tangazo la paka aliyepotea. Ndani namwona profesa wa takwimu anamenya chungwa. Nikaondoka. Wiki iliyofuata nikarudi, nikaingia, nikaanza kujieleza: samahani kwa usumbufu, najua una kazi nyingi, mimi natoka Kenya… Akanisogezea kiti, akaniuliza, "Umekwama wapi?" Dakika ishirini akanifafanulia kitu nilichokuwa nakitoroka tangu Septemba. Nilipotoka akaniambia mimi ni mtu wa nne kuja muhula ule. Ukumbi wake ulikuwa wa watu 300.

Yule mzee alituambia tumwite kwa jina lake la kwanza. Ulimi ulikataa. Mtu rika la babu yangu nimwite kama namwita makanga? Nimebaki na "Profesa" mpaka leo na hakuna aliyekasirika. Barua nayo ina adabu yake nyingine. Ya kwanza niliyomwandikia mshauri wangu wa masomo ilikuwa na aya nzima ya kumjulia hali yeye na watu wake. Akajibu kwa mstari mmoja. Nililia kidogo, nasema kweli. Baadaye nikaona kwamba mstari ule ulikuwa na kila nilichohitaji, pamoja na mahali pa kuweka miadi. Siku hizi naanza na salamu moja, namba ya kozi, swali. Salamu ndefu namwekea mama.

Kabla ya kuchagua kozi, tazama ramani. Hiki chuo kimegawanywa na mto Mississippi, upande wa mashariki na wa magharibi, na kuna kampasi nyingine kule St. Paul ambako unapelekwa na basi la chuo. Katikati kuna daraja la Washington Avenue, lina ghorofa mbili: magari na treni chini, waendao kwa miguu juu. Mtoto wa Kisauni nikajiambia, daraja ni daraja, la Nyali kule kwetu nimelivuka kwa miguu na jua la saa saba. Januari ikanifundisha. Ukivuka Nyali upepo wa bahari unakupoza. Huku upepo wa mto unakukata masikio, nyuzi ishirini chini ya sifuri, machozi yanaganda kwenye kope. Ndiyo maana huko juu, katikati, wamejenga ujia wenye kuta na paa. Hakuna aliyeniambia. Mwezi mzima nilipita nje, naona watu wanaingia mle ndani, nikidhani ni mahali pa wafanyakazi.

Vitabu usinunue kabla ya wiki ya pili. Ulizia maktaba kwanza, na toleo la zamani mara nyingi linafaa. Kazi, kwa mwenye viza ya F-1, ile ya mwanafunzi, ni ndani ya chuo na saa 20 kwa wiki muhula unapoendelea. Na ukitaka kuacha kozi, pita kwanza ofisi ya wanafunzi wa kigeni, kwa sababu mwanafunzi wa shahada ya kwanza akishuka chini ya krediti 12 bila idhini yao, la masomo limegeuka la uhamiaji. Hili halina mzaha.

Ami yangu alipopata habari za kile kizuizi cha chanjo alitaka kupiga simu chuoni "azungumze na mkubwa wao". Nikamwambia, ami, hata ukipiga hawatakuambia kitu. Kuna sheria ya Marekani ya mwaka 1974 inayomkabidhi mwanafunzi mwenyewe rekodi zake akishaingia chuo kikuu. Alinyamaza muda mrefu. Kisha akauliza, "Na karo nayo analipa mwanafunzi mwenyewe?"

Upweke upo, sitaudanganya umma. Dawa yangu ilikuwa ng'ambo ya daraja, mtaa wa Cedar-Riverside, wanakokaa Wasomali wengi, na wengi wao wamepitia Kenya. Jumamosi moja niliingia duka la chai, nikaagiza kwa Kiingereza. Mama aliyekuwa nyuma ya meza akanitazama ushungi, akanitazama viatu, akasema, "Mwanangu, wewe wa Mombasa au wa Lamu?" Nilikula sambusa nne. Akanieleza basi gani halichelewi, duka gani lina koti la nafuu, na msikiti upi una darsa la wanawake. Lakini nimewaona wenzangu waliohamia pale moja kwa moja, miaka minne, hawajui jina la mwanafunzi hata mmoja wa darasani mwao. Chai ni ya Jumamosi.

Nikiulizwa wapi ni bora, nasema chuo changu cha nyumbani kingeandika mambo yake, hata kwa karatasi moja tu ya siku ya kwanza yenye mada, alama na saa ambazo mhadhiri atakuwako, nusu ya zile foleni ingekufa. Na hiki cha huku, pamoja na utajiri wake wote, kingempa kila darasa la watu 300 mwakilishi mmoja mwenye mdomo, nisingekuwa peke yangu Novemba ile. Kila mmoja ana kile ambacho mwenzake hajui kwamba anakikosa.

Mpwa wangu anakuja Agosti, inshallah. Ameniuliza kuhusu koti tu, kila wiki koti. Nimemwambia asinunue huko, atauziwa koti la mvua akiambiwa ni la theluji. Alete mipangilio ya kozi yenye muhuri, na kadi ya kliniki aiweke kwenye mkoba wa mkononi, asiitie sandukuni. Dada yangu anasema kadi hiyo haionekani. Mama ameshateremsha mkebe.