Malimbikizo ya Desemba yanapokatwa kodi kama mshahara wa bosi

Mtumishi aliyesubiri malimbikizo ya kupandishwa daraja mwaka mzima hufurahi akiyaona kwenye slipi, mpaka macho yafike kwenye mstari wa PAYE, kodi inayokatwa kwenye mshahara. Hapo ndipo simu ya afisa utumishi inapoanza kulia. Katika vijiwe vya Mwanza, Kirumba hadi Buhongwa, utasikia neno moja: "Wametukata mara mbili." Afisa naye ana jibu lake moja: "Ni mfumo." Nadhani kila mmoja ana chembe ya ukweli, ila chembe hizo hazilingani.

Tupige hesabu. Mwalimu, baada ya kutoa asilimia 5 ya PSSSF (mfuko wa pensheni wa watumishi wa umma), anabaki na 760,000 za kutozwa kodi. Kodi yake ni 68,000 kwa mwezi. Amepanda daraja Januari, na alistahili kutozwa kwa 960,000, lakini mshahara mpya umeingia Desemba pamoja na malimbikizo ya miezi kumi na moja, yaani 2,200,000. Mwezi huo anahesabiwa kuwa na 3,160,000. Kila shilingi iliyozidi milioni moja inakatwa asilimia 30, na kodi inafika 776,000. Ukijumlisha na ile ya miezi kumi na moja iliyopita, amelipa 1,524,000 kwa mwaka. Angelipwa kwa wakati angekatwa 118,000 kila mwezi, jumla 1,416,000. Zimezidi 108,000.

Kwa hiyo hakukatwa mara mbili, na hilo wanaolalamika inafaa walikubali. Sheria ya Kodi ya Mapato ya mwaka 2004 inahesabu kipato cha ajira pale mtu anapokipokea. Mhasibu anayekata kodi kwenye malimbikizo hajaiba kitu. Akiacha kukata, deni litamgeukia mwajiri. Tena watumishi ni wengi, na mashine haiwezi kusikiliza historia ya kila mmoja.

Lakini utetezi huo unaishia hapo. Madaraja ya kodi kwenye sheria yamepangwa kwa mwaka: yasiyotozwa ni 3,240,000, na asilimia 30 inaanza baada ya 12,000,000. Jedwali la mwezi ni mgawo tu wa hayo. Mwalimu wetu kwa mwaka mzima amefikisha 11,520,000, hivyo hakugusa kabisa daraja la asilimia 30. Kumhesabu kwa mwezi mmoja kama mtu anayelipwa milioni tatu kila mwezi ni kosa la taarifa, hata kama kila tarakimu imejumlishwa sawasawa.

Malimbikizo ya miaka iliyopita ni ngoma nyingine. Yakilipwa leo ni kipato cha leo, na hata hesabu ya mwaka haimwokoi mtumishi yote. Hapo anagharamia kuchelewa ambako hakukusababisha, na sijasikia hoja ya maana ya kulitetea hilo zaidi ya kwamba ndivyo sheria ilivyo.

Wapo wanaosema anayeona amezidishiwa adai arejeshewe. Ni rahisi kusema ukiwa mjini. Mwenye ajira moja hana mazoea ya kujaza ritani, yaani taarifa ya mapato yake kwa mamlaka ya kodi, na slipi haimwonyeshi jumla ya kodi ya mwaka ikilinganishwa na ile anayostahili. Mwalimu wa kisiwa cha Ukara atavuka kwa kivuko hadi Bugolora, apande gari hadi Nansio kumwona afisa, aambiwe makato yanatoka juu. Safari mbili tatu za namna hiyo, pamoja na chakula na siku za vipindi vilivyokosekana, zinaimeza ile 108,000 taratibu. (Na wanafunzi wake hawadai malimbikizo popote.)

Mwajiri ndiye mwenye takwimu za miezi yote kumi na mbili mkononi. Kabla ya kufunga mishahara ya Desemba, mfumo huohuo unaolaumiwa ungeweza kujumlisha kipato cha mwaka, kukokotoa kodi upya na kumrudishia mtumishi tofauti kwenye slipi ileile, bila yeye kupanda kivuko.