Kuwasha Seva Upya Si Tiba

Ukikaa na mafundi wa programu Nairobi, iwe ni Westlands, Kilimani au kwenye ofisi za pamoja kando ya Ngong Road, utasikia shauri moja kila mfumo unapogoma: iwashe upya. Seva imejaa memori? Iwashe upya. Malipo yamekwama katikati? Iwashe upya. Kuna kampuni ambazo zimeshaliweka jambo hili kwenye ratiba. Seva hujizima na kujiwasha saa tisa usiku wateja wakiwa wamelala, na hakuna tena anayeuliza kwa nini ilihitaji kuzimwa. Mimi napinga desturi hiyo, tena kwa nguvu zote. Makosa ya memori na ya nyuzi yana zana za kuyasaka. Zana hizo ni za bure na zimekuwepo kwa miaka mingi. Zinapaswa kuendeshwa kila siku kazini, badala ya kusubiri simu ya dharura usiku wa manane ndipo zitafutwe.

Nianze na nyuzi, yaani zile kazi ambazo programu moja huziendesha kwa wakati mmoja huku zote zikigusa memori ile ile, kwa sababu biashara ya malipo imezijaza mjini. Chukua akaunti yenye salio la shilingi 5,000. Maombi mawili ya kutoa 3,000 yanaingia karibu kwa pamoja, kila moja likishughulikiwa na uzi wake. Uzi wa kwanza unasoma salio: 5,000, zinatosha. Kabla haujaandika salio jipya, uzi wa pili nao unasoma: 5,000, zinatosha. Wa kwanza unaandika 2,000. Wa pili unaandika 2,000. Zimetoka 6,000 na akaunti inaonyesha kumebaki 2,000. Hakuna ujumbe wa kosa, hakuna kilichozimika, hakuna mstari mwekundu popote.

Nafasi ya kosa hilo kutokea ni sehemu ndogo mno ya sekunde. Kwenye laptopu ya aliyeandika programu, akiijaribu peke yake, huenda lisionekane kabisa. Litaonekana jioni ya mwisho wa mwezi watu wakilipa kodi ya nyumba, na kesho yake mhasibu atashinda akizozana na hesabu zisizokubali kulingana. Wakati huo seva itakuwa imeshawashwa upya, msongamano umepungua, mambo yametulia, na kila mtu anaamini kwamba kuwasha upya ndiko kulikosaidia. Hili ndilo linaloniudhi zaidi. Kosa la aina hii huja na kuondoka lenyewe, kwa hiyo lolote ulilofanya kabla halijaondoka litaonekana ndiyo dawa.

Mwenye shaka na asome habari za tarehe 14 Agosti 2003, siku umeme ulipokatika kaskazini mashariki mwa Marekani na sehemu ya Kanada na kuwaacha watu wapatao milioni 50 bila stima. Sababu zilikuwa nyingi, ikiwemo miti iliyoachwa ikue hadi ikagusa nyaya. Lakini katika chumba cha udhibiti cha kampuni ya umeme ya FirstEnergy kule Ohio, programu ya kutoa tahadhari ilikuwa imeganda tangu saa nane na dakika 14 mchana, na waliokuwa zamu hawakujua. Skrini hazikuwaonya, nao wakachukulia kwamba gridi iko salama. Uchunguzi uliofuata ulionyesha kwamba shughuli mbili ndani ya programu zilikuwa zikigombea data moja, na kwa kosa la mwandishi wa programu zote mbili zikapata ruhusa ya kuiandika kwa wakati mmoja. Data ikavurugika, programu ikabaki kuzunguka mahali pamoja bila kikomo. Watengenezaji wake walisema mfumo huo ulikuwa umetumika kwa zaidi ya saa milioni tatu kwa wateja wao bila kosa hilo kujitokeza.

Kuna kipande cha kisa hicho ambacho kila meneja wa hapa angefaa kukijua. Saa tisa na dakika 8 alasiri, watu wa kompyuta walimaliza kuiwasha upya seva kuu. Vipimo vya kuwashia vikaonyesha programu zote zinaendeshwa, wakaamini kazi imekwisha. Hawakuwauliza waendeshaji kama tahadhari zimerudi, na hazikuwa zimerudi. Saa moja hivi baadaye gridi ikaporomoka.

Makosa ya memori nayo yana ujanja wake. Programu inaweza kusoma kupita mwisho wa nafasi iliyopewa, au kuendelea kutumia nafasi ambayo imeshairudisha, au kuchukua nafasi kila mara bila kurudisha hata moja. La tatu ndilo linalojaza seva na kuleta ile ratiba ya saa tisa usiku. Mawili ya kwanza ni mabaya zaidi kwa sababu programu inaweza kuendelea na kazi kana kwamba hakuna lililotokea. Kosa la Heartbleed, lililotangazwa Aprili 2014, lilikuwa la namna hiyo. Katika OpenSSL, maktaba (yaani msimbo ulio tayari ambao programu nyingine huutumia) inayolinda sehemu kubwa ya mawasiliano ya intaneti, kulikosekana ukaguzi mmoja wa urefu wa data inayoombwa, na mtu wa mbali akaweza kuomba hadi kilobaiti 64 za memori ya seva kwa kila ujumbe, zikiwa na chochote kilichokuwemo, nywila na funguo za siri zikiwemo. Kosa hilo lilikuwa limeingia kwenye matoleo ya 2012. Seva hazikuzimika, kwa hiyo hakuna aliyepata sababu ya kuzitazama. Mwaka 2019 Microsoft ilieleza kwamba takriban asilimia 70 ya mianya ya usalama inayoiziba kila mwaka inatokana na makosa ya memori.

Sasa zana zenyewe. Valgrind, iliyoanzishwa na Julian Seward na kutolewa mwaka 2002, huiendesha programu yako ndani ya kompyuta ya kuigiza na kukagua kila inapogusa memori. Huhitaji kuijenga programu upya, na hilo ni jambo kubwa ukirithi mfumo wa mtu aliyeshahama. Bei yake ni kasi: programu inaweza kwenda polepole mara 20 au 30. AddressSanitizer, iliyotoka Google na kuelezwa hadharani mwaka 2012, imo ndani ya Clang na GCC, kompaila zinazogeuza msimbo wa lugha kama C kuwa programu. Hutenga sehemu ya memori ya kuwekea kumbukumbu za ukaguzi, baiti moja kwa kila baiti nane za programu, ikionyesha zipi zinaruhusiwa kuguswa na zipi haziruhusiwi. Kasi hupungua karibu mara mbili tu, na kwa majaribio ya kila siku hiyo si kitu. Kwa nyuzi kuna ndugu yake, ThreadSanitizer, na ndani ya Valgrind kuna Helgrind. Wanaoandika kwa lugha ya Go walipewa kigunduzi chao cha migongano ya nyuzi tangu toleo la 1.1 la mwaka 2013: unaandika `go test -race`, basi.

Ripoti za zana hizi huwatisha watu kwa urefu wake, na nadhani ndiyo sababu kubwa ya wengi kuzikimbia. Kwenye timu moja niliyofanya nayo kazi, huduma ya kupokea taarifa za mashine za malipo za madukani ilikuwa ikizimika mara moja moja, na kila fundi alikuwa na nadharia yake. Mmoja alilaumu mtandao, mwingine stima, mwingine toleo la mfumo endeshi. Tukaijenga upya kwa `-fsanitize=address`, agizo la kuiwasha AddressSanitizer, tukaongeza `-g` ili ripoti itaje majina ya faili na namba za mistari, tukaendesha majaribio yale yale ya zamani. Zana ikaisimamisha programu papo hapo na kumwaga ukurasa mzima.

Ukurasa huo una sehemu tatu za maana. Ya kwanza inakuambia memori iliguswa wapi isivyofaa: kwetu, kwenye mstari wa kuandika jibu kwa mashine ya dukani. Ya pili inakuambia nafasi hiyo ilirudishwa wapi: kwetu, ndani ya kipima muda kinachofuta miunganisho iliyokaa kimya. Ya tatu inakuambia ilichukuliwa wapi mwanzo. Fundi mgeni hukimbilia ile ya kwanza na kuanza kubandika viraka mahali programu ilipoangukia. Mimi humwambia aanze na ya pili. Swali la kujiuliza ni nani aliirudisha nafasi hii huku mwingine akiihitaji bado, na jibu limeandikwa hapo, faili na mstari. Muunganisho uliokaa kimya muda mrefu ulikuwa ukifutwa huku jibu lake bado liko njiani. Stima haikuhusika. Marekebisho yakawa mistari michache, na ratiba ya kuzima usiku ikaondolewa.

ThreadSanitizer nayo ina sura yake. Inakuonyesha uzi huu uliandika hapa, uzi ule ulisoma pale, kila mmoja ulizaliwa wapi, na ulikuwa umeshika kufuli gani, yaani kizuizi cha kuufanya uzi mwingine usubiri. Uzuri wake ni kwamba haingoji mgongano ulete madhara. Inatosha nyuzi mbili ziguse data ile ile katika jaribio hilo, mmoja wao ukiandika, bila chochote cha kuzipanga nani atangulie. Kwa hiyo kosa ambalo lingekungoja jioni ya mwisho wa mwezi unaweza kuliona Jumanne asubuhi, ukiwa na watumiaji wawili wa kubuni.

Hata hivyo sitaki mtu azigeuze kuwa hakimu. Rudi kwenye ile akaunti ya 5,000. Fundi akifunga kufuli wakati wa kusoma salio, akalifungua, kisha akafunga tena wakati wa kuandika, ThreadSanitizer itanyamaza, kwani kila mguso una ulinzi wake. Pesa zitaendelea kupotea vile vile, kwa sababu kati ya kusoma na kuandika mlango uko wazi. Ni lazima kufuli ishikwe tangu kusoma hadi kuandika, na hilo zana haitakufikiria kwa niaba yako. Pia zana huona tu njia ambazo majaribio yako yamezipita.

Kunyamazisha onyo bila kulielewa ni hatari pia. Mwaka 2006, katika mfumo endeshi wa Debian, mistari iliondolewa kwenye OpenSSL kwa sababu Valgrind ilikuwa ikilalamika kuhusu memori ambayo haijawekewa thamani. Kumbe kupitia mistari hiyo ndipo programu ilipata namba zisizotabirika za kutengenezea funguo. Ikabaki kutegemea namba ya mchakato pekee, ile ambayo mfumo huipa kila programu inayoendeshwa, yaani funguo zisizozidi 32,768 kwa kila aina na ukubwa. Hadi kosa lilipogunduliwa Mei 2008, watu walikuwa wakitengeneza funguo ambazo mshambulizi angeweza kuziorodhesha zote. Onyo lilikuwa la kweli. Aliyelijibu hakujua data hiyo ilikuwa na kazi gani.

Najua pingamizi za hapa. Kuna wanaosema sisi hatuandiki kwa lugha ya C, tunaandika Java, PHP, Kotlin, Python. Ni kweli kwa wengi, na lugha hizo huondoa makosa mengi ya memori. Haziondoi ugomvi wa nyuzi, na chini yake kumejaa maktaba zilizoandikwa kwa C. Aidha mashine za malipo na mita za maji na stima zina programu ndogo ndani yake, nyingi zikiwa za C, na vijana wanaoziandika wako hapa hapa mjini. Pingamizi la vifaa nalielewa zaidi. ThreadSanitizer hula memori mara tano hadi kumi ya kawaida, na laptopu ya gigabaiti nane yenye kivinjari wazi haitastahimili. Basi iendesheni kwenye seva ya majaribio usiku, ile inayokaa bure wakati wote mmekwenda nyumbani. AddressSanitizer iende na kila badiliko linalowasilishwa, ThreadSanitizer ijengwe kando kwa sababu haziwezi kukaa pamoja kwenye programu moja, na badiliko lenye ripoti lisiunganishwe hadi mtu aeleze kwa maneno yake kilichotokea. Leseni hailipiwi hata dola moja. Meneja anachotoa ni muda tu, na muda huo anautoa tayari, isipokuwa anautoa kwa mafungu kila seva inapolala.

Vyuo navyo viingie. Wanafunzi wengi humaliza somo la C wakihukumiwa kwa jambo moja: je, programu ilitoa jibu sahihi kwenye skrini? Programu yenye kosa la memori hutoa jibu sahihi mara nyingi sana. Mhadhiri anaweza kubadilisha hili muhula ujao bila bajeti na bila kuomba ruhusa ya kamati. Kazi ya C isipokelewe bila ripoti ya Valgrind iliyoambatanishwa, na alama kadhaa zitengwe kwa maelezo ya mwanafunzi kuhusu kila onyo alilokutana nalo: lilitoka mstari gani, nani alichukua nafasi hiyo, nani alipaswa kuirudisha, na alibadilisha nini.