Panauti si ya nusu siku jamani

Nimesoma makala ya safari kuhusu Panauti, mji mdogo wa zamani huko Nepal, na mwandishi wake anasema inatosha nusu siku tu, unapiga picha za hekalu alafu unarudi zako Kathmandu kwa vile ni kama kilomita 32 hivi, mi hapo napinga kabisa. Nilifika baada ya kazi Qatar, Mnepali tuliyekaa naye kambi moja alinisisitiza nikienda kwao nisiishie mji mkuu, na hakunidanganya. Lile hekalu la Indreshwar Mahadev ni la 1294, paa tatu moja juu ya nyingine, na zile mbao zinazoshikilia paa zimechongwa miungu juu mpaka chini, ukipita haraka haraka huoni kitu. Tetemeko la 2015 liliangusha mahekalu mengi sana Nepal ila hili likabaki limesimama, wenyeji wanakwambia mji mzima umekaa juu ya jiwe moja. Na utamu wenyewe ni alfajiri, wageni wa mchana washaondoka toka jana, unaona wamama wanapita na sahani za maua kwenda kuabudu, kule chini mito ya Roshi na Punyamati inapokutana watu wanaoga na ndo hapo hapo wanachoma maiti zao, kwahiyo kamera weka mfukoni tafadhali. Pa kulala papo, kuna wamama wanapokea wageni majumbani kwao, unakula nao wali na dengu na hela inabaki kwa familia. Kuna aliyefika Bungamati, kijiji cha wachonga mbao huko huko Nepal, hivi karibuni? Lile hekalu lao la Rato Machhindranath lililoanguka kwenye tetemeko la 2015 limefikia wapi?